Tulikwenda Kuwaona, Tukamuua Mmoja

Sikukuu ya Nanenane, miaka michache iliyopita, kikundi chetu cha kusaidiana cha Tabata kilikodi Kosta kwenda Mikumi na kurudi siku hiyohiyo. Tulikuwa watu 26: akina mama wengi, wazee wachache, vijana, na watoto sita. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kikundi, na mtaani hawaniiti vingine hadi leo, Katibu. Mimi nilikusanya michango, mimi nilitafuta gari, mimi nilipanga saa. Nayasema haya mapema ili anayesoma ajue dhima ya yaliyotokea ni ya nani. Kwenye karatasi za askari liliandikwa jina la dereva. La kwangu halikuandikwa popote.

Wenzangu niliwaambia Mikumi ni karibu. Kutoka Dar es Salaam mpaka lango kuu ni kilomita 280 na ushee, kwa barabara ileile inayobeba malori ya Zambia na Kongo. Gari dogo lililobahatika Kibaha na Chalinze litatumia saa tano. Kosta yenye watoto wanaoomba kushuka kila baada ya kilomita thelathini itatumia sita. Nilitangaza kwamba tunaondoka saa tisa usiku, mwenye kuchelewa ataachwa. Hakuachwa mtu. Pilau ilikuwa haijaiva kwa mmoja, mwingine alirudi nyumbani kufuata dawa za presha, na tulipoiacha Tabata ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Morogoro tukanywa chai Msamvu, tukakaa zaidi ya tulivyokusudia. Tulifika langoni saa sita kasoro robo, jua limesimama utosini. Hapo tena tukasubiri namba ya malipo itoke, simu igome, itume upya.

Anayeijua mbuga atakuwa ameshaliona kosa la kwanza. Wanyama wengi hutembea alfajiri na jioni. Saa sita ya mchana wa Agosti, nyasi zikiwa zimekauka na upepo una joto, mwenye kivuli haondoki kivulini. Sisi tuliingia saa hiyo tukiwa na hamu ya watu walioamka usiku wa manane, na tukiwa na hesabu moja tu vichwani: simba.

Tulipewa mwongozaji pale langoni, dada mmoja wa makamo aliyevaa sare ya kijani. Akaketi mbele karibu na dereva, akatusalimu, akawapa shikamoo wazee mmoja mmoja, kisha akauliza tungependa kuona nini. Basi zima likajibu kwa sauti moja. Akatabasamu.

"Simba yupo. Lakini saa hizi amelala. Simba hulala hata saa ishirini kwa siku moja. Tutapita taratibu, tutaona kinachojitokeza."

Hatukwenda hata kilomita mbili tukakuta kundi la swala pala, kama arobaini hivi, wamesimama kwenye uwazi ubavuni mwa njia. Watoto wakapiga kelele za furaha, wakabandika nyuso kwenye vioo. Yule dada akamwambia dereva apunguze, akaanza kueleza: wale wenye pembe ni madume, wasio na pembe ni majike, tazameni alama nyeusi zile juu ya kwato za nyuma, hapo kuna tezi za harufu, na huyu mnyama akishtuka anaruka urefu wa mita kumi kwa mruko mmoja. Sikumwacha amalize.

"Hao ni swala tu, dada. Tutawachoka leo. Twende mbele."

Akanyamaza. Kosta ikaondoka. Mtoto mmoja wa jirani yangu aliendelea kuangalia nyuma mpaka vumbi likawafunika.

Niseme kidogo kuhusu Mikumi kwa ambaye hajafika. Ni hifadhi ya taifa tangu 1964, ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, na upande wa kusini imepakana na eneo ambalo tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Tembo, nyati na mbwa mwitu hawaujui mpaka huo. Kwao ni nchi moja. Lakini Mikumi ina jambo ambalo hifadhi nyingi hazina: barabara kuu imeipasua katikati, kwa kilomita 50 hivi. Abiria wa mabasi ya Iringa na Mbeya wanaona twiga dirishani bila kulipa senti. Wamezoea hata wanalala. Wengine hutupa maganda ya ndizi na mabaki ya mahindi, nyani wakajifunza kuja kuokota kwenye lami, na hapo kwenye lami ndipo wanapokufa. Anayemtupia nyani ndizi anadhani amemfanyia hisani. Nawaomba wanaosafiri njia hiyo waache, leo hii.

Turudi ndani ya hifadhi. Karibu saa tisa alasiri, baada ya pilau, tulipata kile ambacho sasa nakijua kuwa ndicho kilikuwa safari yetu. Tembo sita, majike na watoto, walikuwa kwenye dimbwi lililobaki katika uwanda wa Mkata, hatua thelathini kutoka njiani. Dada akamwambia dereva azime injini. Ukimya ule sikuwahi kuusikia. Tulisikia maji yakivutwa ndani ya mkonga, kisha yakimwagwa kinywani kama ndoo inavyomwagwa kwenye pipa. Kulikuwa na ndama mdogo kabisa, bado hajui kuutumia mkonga wake. Ulikuwa ukininginia na kumpiga miguuni. Alipiga magoti pembeni mwa dimbwi, akaweka mdomo majini, akanywa hivyohivyo kama ndama wa ng'ombe. Mama yake akasimama kati yake na sisi, masikio ameyatandaza.

"Anatupima," dada akasema kwa sauti ya chini. "Akitikisa kichwa na kupiga kelele anatuonya, tutarudi nyuma. Lakini akiyabana masikio na kuukunja mkonga chini ya kifua, hapo hatanii. Tusiongee, tusisimame."

Bibi mmoja wa kikundi chetu, mkubwa kuliko sote, alikuwa ameshika ncha ya kanga yake kwa mikono miwili. "Muone anavyomsubiri mwanawe," alinong'ona. Yule mama tembo akayashusha masikio polepole, akachota maji. Alikuwa ametukubali.

Na mimi nikaangalia saa.

Ilikuwa tisa na nusu, na simba tulikuwa hatujamwona. Vijana nyuma walikuwa wameanza kusema pesa imekwenda bure. Wakati huo gari jingine lilitukaribia, dereva wake akazungumza na wetu dirishani: kuna simba wawili, mbali kidogo, upande wa pili wa uwanda. Dada akapiga hesabu. Akageuka kwangu.

"Katibu, kwenda na kurudi ni saa nzima na nusu, njia ni mbaya. Kwa saa za lango mtawahi, mwisho ni saa kumi na mbili. Lakini mbele yenu kuna barabara, na ninyi mnarudi Dar es Salaam. Ushauri wangu, kaeni hapa na tembo dakika chache, tupitie bwawa la viboko, saa kumi muwe mmeondoka. Mtakuwa mmetoka kwenye eneo la hifadhi kukiwa bado mwanga."

Ushauri ule ulikuwa mzima, umekamilika, hauna pa kutilia shaka. Mimi nilitoa noti mfukoni nikamshikisha dereva. "Ya soda, kaka. Tufikishe." Kijana wa watu aliitazama noti, akamtazama dada, kisha akawasha injini. Mama tembo akayatandaza masikio tena.

Simba tuliwaona. Nisimnyime Mungu shukrani, tuliwaona. Walikuwa chini ya mti, kwenye nyasi ndefu za rangi yao wenyewe. Tuliona mkia, sikio moja, na ubavu uliokuwa ukipanda na kushuka. Watoto waliuliza yuko wapi, yuko wapi, na walipoonyeshwa waliuliza tena. Tulikaa dakika nne, maana nyuma yetu magari mengine yalikuwa yanangoja nafasi. Kisha tukageuza.

Langoni tulifika saa kumi na mbili kasoro dakika chache. Mmoja akaenda msalani, wakamfuata sita. Wengine wakataka picha kwenye bango. Hesabu ya watu ilipotimia ilikuwa imeingia magharibi, na taa za malori zilikuwa zimeshawashwa. Dada aliposhuka alizunguka mpaka kwenye dirisha la dereva. Maneno yake nayakumbuka yote.

"Kaka, mchana humu mwisho ni 70. Usiku ni 50. Si mpaka upite matuta, ni mpaka utoke hifadhini kabisa."

Dereva aliitikia. Na alianza vizuri, akaenda mwendo aliotumwa. Malori yakawa yanatupita. Mabasi yakatupita yakipiga honi. Nyuma watu wakaanza: kesho ni kazi, watoto wana shule, kwa mwendo huu tutafika saa tisa usiku. Wakaniita mimi, kwa kuwa ndimi katibu. Nikainuka, nikaenda mbele, nikamshika dereva begani.

"Kanyaga kidogo, bwana. Watu wana kazi kesho."

Akakanyaga.

Lori lilikuja kutoka Morogoro limewasha taa kubwa, halikuzishusha. Lilipotupita, kwa muda kidogo hatukuona kitu, kiza kilikuwa kizito kuliko kabla. Kisha nikaona macho pembezoni mwa lami, mengi, ya kijani. Dereva akapiga breki. Mmoja akaruka. Kishindo kilikuwa kizito na kifupi, kama gunia la mchele lililodondoka sakafuni, na Kosta ikayumba kushoto, ikayumba kulia, hotipoti ikabingirika mpaka miguuni kwangu, watu wakapiga mayowe. Namshukuru yule kijana kwa mikono yake. Angeukata usukani kwa hofu tungelala ubavu, watu 26. Aliishika ikanyooka, akaisogeza pembeni, akawasha taa za hadhari. Bibi alikuwa amejigonga paji la uso kwenye kiti cha mbele. Uvimbe ulikuwa unakua tukiuona.

"Tumegonga nini?" mtoto mmoja aliuliza. Hakujibiwa.

Kushuka haikuwezekana, ndani ya hifadhi usiku hushuki. Dereva alipiga simu langoni. Sisi tukageuka kwenye kioo cha nyuma. Taa zetu nyekundu zilikuwa zinawaka na kuzima, na kila zilipowaka tulimwona. Swala pala, jike, hana pembe. Miguu ya mbele ilikuwa mizima. Alikuwa anainuka kwayo, anasogea kidogo, ya nyuma inaburuta kwenye lami, anaanguka. Anapumzika. Anainuka tena. Ng'ambo ya mtaro wenzake walikuwa wamesimama wote, wanakoroma ule mkoromo wao wa hatari, na hawakuondoka.

Askari walichukua dakika ishirini kufika. Ni muda mfupi kwa kazi yao. Kwa kuangalia kioo kile ulikuwa mrefu. Mama mmoja alikusanya watoto akawafunika kwa shuka. Bibi hakukubali kugeuka mbele. Alikuwa na kitambaa cha maji kwenye paji, anaangalia.

"Si ndio wale wa mchana?" akasema. "Wale swala tu."

Hakusema kwa ukali, wala hakunitazama. Nimeyabeba maneno yale tangu usiku ule.

Land Cruiser ya hifadhi ilipofika, afande mmoja aligonga bati la gari letu akatuomba sote tutazame mbele. Tukasikia risasi moja. Baadaye walipima, wakaandika, wakampiga dereva maswali. Mmoja wetu, na sitamlaumu maana njaa ya maneno humpata kila mtu kwenye ukimya kama ule, aliuliza kama nyama ile haitaharibika. Afande alimjibu kwa upole kabisa: "Mzee, hii ni nyara ya serikali. Hata unywele wake hauondoki." Alieleza kwamba barabara ile huua wanyama wa kila namna, wakubwa kwa wadogo, na kwamba kila anayegonga husema sentensi moja: alitokea ghafla.

Nilikuwa na sentensi hiyo mdomoni tayari. Lakini baada ya siku chache nilikaa na kalamu, nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga kabla ya kukusanya michango. Gari linalokwenda 50 hukata mita 14 kwa sekunde. Linalokwenda 80 hukata mita 22. Dereva aliyechoka, aliyeamka saa nane usiku, huhitaji sekunde nzima au zaidi kati ya jicho kuona na mguu kufika kwenye breki. Kwa hiyo kwenye 80, mwendo tuliokuwa nao, tulikuwa tumeshakata mita 22 kabla breki haijaguswa. Na breki ikishaguswa, gari la mwendo wa 80 huhitaji umbali wa zaidi ya mara mbili na nusu ya ule linaouhitaji kwenye 50, maana nguvu ya mwendo haiongezeki kwa kujumlisha, huongezeka kwa kuzidisha. Swala hakutokea ghafla. Alikuwepo pale, na wenzake arobaini. Sisi ndio tuliotokea ghafla.

Tena wana sababu ya kuwa pale. Mvua ikinyesha, maji ya lami humwagikia kando, na nyasi za kando hubaki na ubichi wakati za mbali zimeshakauka. Ukingo wa barabara hufyekwa, kwa hiyo mnyama anayeliwa huona mbali, humwona chui kabla chui hajamfikia. Kwa akili ya swala, hapo ni pahali salama palipo na chakula. Na taa za gari humpofusha. Hukaa ameduwaa, kisha huruka, na hajui anarukia wapi. Hilo ndilo linalofanya kibao cha 50 kiwe kibao cha uhai. Siku ile nilikisoma kama karaha ya trafiki.

Faini tulichanga kikundi kizima, na hilo lilikuwa jepesi kuliko mengine. Dereva alipoteza siku zake za kazi akifuatilia shauri, na mwenye gari alimsimamisha kwa muda. Nilikwenda kwa mwenye gari nikamweleza: mimi ndiye nilimwambia akanyage. Akaniuliza usukani ulikuwa mikononi mwa nani. Nikakosa la kusema, ingawa jibu lilikuwepo. Dereva wa kukodi na mwongozaji hula kutokana na kuridhika kwa abiria. Ukimshikisha noti njiani umeshamwondolea uhuru wa kukukatalia, na ukimshika bega usiku mbele ya watu ishirini na tano wanaonung'unika, umemwondolea kabisa. Wenye watalii wa kigeni wanalijua hili, na huko Serengeti na Ngorongoro waongozaji hulalamika kwamba mgeni mmoja mwenye haraka na bahasha nene huharibu siku ya magari kumi. Nilikuwa nikisikia habari hizo nikidhani ni za Wazungu.

Mwaka uliofuata tulikwenda tena. Wengine hawakutaka kusikia, tukawa watu 17. Safari hii tuliondoka Ijumaa mchana, tukalala Mikumi mjini kwenye nyumba ya wageni ya kawaida tu, na gharama iliongezeka kiasi ambacho kila mtu alikimudu kwa kuchanga miezi miwili zaidi. Kabla gari halijawashwa nilisimama mlangoni nikamwambia dereva, abiria wote wakisikia: ndani ya hifadhi mwongozaji ndiye mkubwa, saa kumi alasiri tunaondoka langoni, tuone tusione, na kwenye eneo la hifadhi hakuna wa kukuongezea mwendo, hata mimi. Zawadi yake nilimwahidi kwa kutufikisha salama, nikampa Jumamosi usiku tulipofika Tabata, si kabla.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa ndani. Umande ulikuwa haujakauka. Swala walikuwa palepale karibu na njia, na dume mmoja alikuwa akiwafukuza wenzake huku akitoa mlio mzito ambao hungeamini unatoka kwa mnyama mwembamba vile. Tulizima injini. Bibi alikuwa kiti cha mbele, nyuma ya dereva, na hakuna aliyesema twende.

Tulikaa nao nusu saa. Simba safari hiyo hatukuwaona. Saa kumi kamili tulipita langoni, na tulipotoka kwenye eneo la hifadhi jua lilikuwa bado juu ya milima.